Mtani Aliyekuja na Suti

Simpendi. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akadhani nimekaa chini kumsifia mtu. Binti yangu ameniomba kwamba nikiandika habari za mzee yule nijitahidi kutenda haki. Nitajitahidi. Mapenzi asiyategemee.

Nitamwita Mtani, maana ndivyo nilivyomwita kwa miaka ishirini na kitu. Yeye ni Mzaramo, sisi ni Wanyamwezi, mimi na marehemu mume wangu. Tangu enzi za babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani, Mzaramo na Mnyamwezi wana ruhusa ya kutukanana, kunyang'anyana kofia, kuingia jikoni kwa mwenzake na kufunua masufuria, na asiwepo wa kununa. Msiba ukitokea, mtani ndiye mwenye kazi. Ndugu wanalia, yeye anavuruga. Atavaa koti la marehemu na kutembea kama yeye, atajilaza kaburini, atazuia jeneza mlangoni akidai jogoo, na waliofiwa watajikuta wanacheka huku kamasi zinawatoka. Mimi nimezika baba na mama kwa namna hiyo, na nisingependa kujua watu wengine wanavumilia vipi.

Alikuwa Mwenyekiti wa chama chetu cha Watanzania wa hapa Minneapolis na Saint Paul. Sikumbuki kama kuna aliyewahi kumpigia kura. Nadhani alianza kwa kushika funguo za ukumbi, na mwenye funguo ndiye aliyekuja kwanza, na aliyekuja kwanza ndiye aliyefungua mkutano. Mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Alifanya kazi ofisi za serikali ya jimbo mpaka akastaafu, na alipenda neno "utaratibu" kuliko neno lolote katika Kiswahili. Chai ilikuwa na utaratibu wake. Kuegesha gari kulikuwa na utaratibu wake. Ukichelewa mkutano alikuwa hakuambii kitu, anaitazama tu saa yake, halafu anakutazama wewe, halafu anaitazama saa tena.

Ila kwa simu alikuwa mtu mwingine. Kila Jumamosi asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza nimevua viatu vya kazi ya hospitali, simu ililia.

"Mpagazi! Umeshatua mzigo, au bado unatafuta pa kuuweka?"

"We Mzaramo, hiyo ngoma ya jana imeisha saa ngapi? Maana sauti yako imekauka."

"Nipe huyo mpagazi mwenzio niongee naye, wewe huna akili."

Mume wangu angeichukua simu akiwa tayari anacheka. Wangetukanana nusu saa nzima, wazee wazima, mmoja Brooklyn Park na mwingine Woodbury, na katikati ya matusi wangeulizana dawa ya shinikizo la damu na bei ya matairi ya theluji.

Sasa, safari zake. Kuna mji mdogo kando ya mto, upande wa mashariki, ukishaipita Woodbury unaendesha tena karibu saa nzima. Ulianzishwa na Waskoti, na hawataki usahau. Nguzo za taa zimefungwa bendera za miraba miraba, duka la mablanketi lipo kabla hujaona duka la dawa, na hata fundi magari amechora mbigili, ua la nembo yao, mlangoni kwake. Mtani aliugundua zamani, gari lake lilipochemka njiani na mzee mmoja aliyevaa sketi ya kiume ya kwao akamletea maji kwenye ndoo. Maji hayo yalimlevya. Tangu siku hiyo, kila Agosti wanapofanya sikukuu yao, alikodi basi dogo, akatupakia Watanzania kumi na tano au ishirini, akatupeleka kujifunza.

Ndilo neno alilotumia, kujifunza. Nasi tulikuwa tunatoka kwenye zamu za usiku na kutumaini kulala. Kwenye basi alisimama mbele akatoa utaratibu: tusipige kelele, tusigawane chakula kwa mikono, akina mama tusitandike kanga kwenye nyasi za watu. Tukifika alitupanga kando ya mto, kwenye jiwe kubwa lenye majina ya wale wa kwanza waliokuja kupasua mbao, akaanza.

"Angalieni wenzetu! Babu wa babu zao ndio walioiacha Uskoti. Hawajui hata ilivyo. Lakini tazameni! Mavazi yao, muziki wao, koo zao. Sisi tuna miaka mingapi hapa? Watoto wetu hata shikamoo inawashinda!"

Watoto wenyewe walikuwa wanatazama simu. Wenyeji wa mji nao walitujia kwa ule ukarimu unaochosha, kila mmoja na swali lile lile, sisi ni wa ukoo gani. Mama mmoja mwenye kofia ya manyoya aliniuliza mara tatu kwa siku moja. Mara ya tatu nilimwambia sisi ni ukoo wa wabeba mizigo, akaniandika kwenye daftari lake na kunipa beji.

Halafu zilikuja zumari, zile zao zenye mfuko wa kubana kwapani. Wanaume thelathini wa sketi walishuka mtaani kuelekea mtoni, ngoma mbele, watu wote wakiwafuata nyuma, watoto mabegani. Mtani alisimama wima, mkono kifuani, machozi yakimtiririka.

"Mom, why is he crying?" binti yangu aliniuliza. Alikuwa na miaka tisa.

"Ni vumbi," nilisema.

Nilikuwa namjua vizuri. Kwao Maneromango mdundiko unapita mtaani namna ile ile, ngoma mbele, watu wanaacha masufuria jikoni na kuufuata mpaka wanapotea njia ya kurudi. Lakini thubutu umtajie. Mwaka mmoja, sikukuu ya Uhuru, vijana walileta ngoma tatu ukumbini Saint Paul. Walikuwa wamehangaika kuzitafuta, moja walikuwa wameiwamba wenyewe kwa ngozi ya mbuzi waliyoipata shambani kwa watu. Mtani aliomba blanketi, akazifunika, akazisogeza stoo, akafunga na zile funguo zake.

"Majirani watapiga simu polisi," alisema. "Tuwe na utaratibu."

Tukacheza kwa spika ndogo ya simu, taratibu, kama tuko kwenye chumba cha mgonjwa. Agosti iliyofuata alitupeleka tena mtoni kutazama wenzetu wanavyopiga ngoma zao mchana kweupe.

Na utumbo je? Nilimpikia utumbo nyumbani kwangu, wa ng'ombe, nimeusafisha kwa ndimu na chumvi asubuhi nzima, nimeutia nazi kwa heshima yake ya pwani. Akaisogeza sahani kwa kidole. Daktari amemkataza, alisema, na kusema kweli harufu itakaa kwenye mapazia. Kule mtoni wana chakula chao, moyo na maini ya kondoo yaliyosagwa na shayiri na kushonewa ndani ya tumbo la kondoo huyo huyo. Alikula sahani mbili. Aliniletea kijiko mpaka mdomoni.

"Onja, Mpagazi. Huu ndio urithi."

"Huu ni utumbo," nilimwambia, "na hawajauosha kwa ndimu."

Mwisho alinunua na sketi. Sketi kamili, ya sufu, na soksi za kufika magotini, na kimkoba cha ngozi cha kuning'inia mbele. Siku aliyoshuka nayo kutoka kwenye basi, mume wangu alishikilia mlango kwa kicheko. "Mzaramo! Ungetuambia unataka msuli, tungekuletea kutoka Kariakoo!" Mtani akamkimbiza kuzunguka maegesho yote, sketi inaruka, Waskoti wanapiga picha. Kwenye picha hizo, ambazo bado ninazo, wote wawili wanaonekana vijana.

Nimesema nitatenda haki. Basi, ni yeye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye barafu, Jumapili tano mfululizo, kwenye uwanja mtupu wa maduka, akinitukana kila nilipogusa breki. Mtu yeyote aliyetua uwanja wa ndege hapa akitokea Dar, awe mwanafunzi au mke wa mtu, alimkuta Mtani mlangoni na koti la ziada mkononi. Makoti hayo aliyanunua mitumba, akayafua, akayapanga kwa saizi kwenye gereji yake. Wanawe mwenyewe alizungumza nao Kiingereza tu, wakaenda majimbo ya mbali, na sijui kama wanajua baba yao anachekesha.

Mume wangu alipougua, Mtani alikuja kila siku. Sitii chumvi, kila siku, kutoka Brooklyn Park mpaka Woodbury, na baadaye mpaka hospitali. Aliingia chumbani akavua kofia, akamtazama mgonjwa toka kichwani hadi miguuni.

"Sasa huyu mpagazi mmemlaza kitandani, mzigo nani atabeba?"

"Utabeba wewe," mume wangu alisema, kwa ile pumzi ndogo iliyobaki.

"Mimi? Mimi mtu wa pwani, mimi kazi yangu kula nazi na kukutazama ukipita."

Mume wangu alicheka mpaka mrija wa oksijeni ukachomoka puani na nesi akaja mbio. Mimi mwenyewe ni nesi, na nasema dawa ile haikuwepo kwenye kabati letu lolote.

Wiki ya mwisho mume wangu aliniomba jambo moja. Mimi na Mtani tulikuwepo wote wawili, mmoja kila upande wa kitanda. Alisema, "Nisizikwe kimya. Usikubali. Huyu Mzaramo anizuie mlangoni." Akamgeukia. "Umesikia?"

"Nitakuzuia mpaka uoze," Mtani alisema.

Wakashikana mikono, na sisi wote watatu tukacheka.

Siku ya mazishi alikuja na suti nyeusi. Tai nyeusi, viatu vinang'aa, leso nyeupe mfukoni. Nyumba ya mazishi ilijaa, Watanzania nusu na nusu wafanyakazi wenzake mume wangu, Wamarekani wapole wenye karatasi za wimbo mikononi. Mtani alisimama ukuta wa nyuma, mikono ameifumbata mbele. Nilimwona na nikajituliza, nikajua anasubiri wakati wake. Nilikuwa nimeweka koti la mume wangu, lile la kahawia alilovaa miaka kumi na mbili, kwenye kiti karibu na mlango ili alione. Nilikuwa nimemwambia na binti yangu asishtuke mzee akianza.

Sala ikaisha. Wimbo ukaisha. Wale vijana wa kazi wakainua jeneza. Nikageuka nyuma, hajasogea. Nikaomba nimuage mume wangu tena, nikamuaga, nikarudi tena nikamuaga mara ya tatu, na msimamizi wa mazishi akaanza kukohoa kwa adabu. Ikabidi nimfuate mwenyewe mpaka pale ukutani, mbele za watu, mjane.

"Mtani," nilimwambia. "Kazi yako."

Hakunitazama. Aliwatazama wale wageni.

"Shemeji," alisema. "Si hapa. Angalia watu."

Miaka yote hakuwahi kuniita shemeji. Nilisimama na neno hilo. Jeneza likapita mlangoni, halikuzuiwa na mtu, likaingia garini kwa utaratibu. Makaburini ilikuwa hivyo hivyo. Theluji, watu wamesimama mistari, mtu mmoja anasoma, wengine kimya. Mfanyakazi mwenzake mmoja alinishika mkono akaniambia mazishi yalikuwa mazuri sana, ya heshima. Nikamwambia asante. Mume wangu alikuwa ameomba kitu kimoja, na nilikuwa nimesimama pale nimeshindwa kumpa, kwa sababu kile kitu siwezi kukifanya mimi. Mke hawezi kumtania mumewe kaburini. Lazima awe mtani.

Jumamosi iliyofuata simu ililia. Sikupokea. Sikupokea miaka mitatu.

Watu walikuja kunisuluhisha. Walisema mzee alikuwa na huzuni, walisema kila mtu analia kivyake. Mama mmoja Mkenya wa kanisani kwetu aliniambia, "Lakini si alikuja? Alivaa vizuri, akakurespect." Binti yangu naye, ambaye sasa ni mtu mzima na ana mtoto, aliniambia kwa Kiingereza kwamba pengine aliogopa tu. Najua aliogopa. Hilo ndilo ninaloshindwa kusamehe. Angekuwa mjinga au mlevi, ningesamehe. Lakini alikuwa anaijua kazi yake kuliko mtu yeyote katika jimbo hili, akaifunika blanketi na kuifungia stoo kama zile ngoma.

Agosti iliyopita binti yangu alimwahidi mzee kumpeleka mtoni. Mtani haendeshi tena, macho yamekwenda, na mguu wa kushoto anauburuta. Siku yenyewe binti aliitwa kazini, akaniomba mimi. Nilikubali haraka kuliko alivyotarajia. Nilikuwa na hotuba yangu tayari, nimeitunga miaka mitatu, na nilitaka kuitolea mahali asipoweza kushuka garini.

Akatoka mlangoni kwake na ile sketi. Imekuwa kubwa kwake. Nilimfunga mkanda wa kiti kama mtoto, nikaendesha. Njia nzima hotuba haikunitoka. Nilimsikia tu anavyopumua.

Mji ulikuwa ule ule. Nilimkalisha kwenye benchi kando ya mto, nikamnunulia chai, nikakaa ncha ya pili. Mwaka huu walikuwa na jambo ambalo sikuwahi kuliona, au labda zamani tulikuwa tunaondoka mapema. Mchana ukielekea jioni, wapiga zumari walinyamaza wote isipokuwa mmoja, na watu wakaanza kutaja wafu wao. Mtu anasimama popote alipo, anapaaza sauti kwa jina la ndugu yake, umati wote unaitikia kwa kelele kubwa, halafu anasimama mwingine. Hawakuona haya. Mzee mmoja alimtaja mkewe huku ameshika glasi ya bia, na kusema alikuwa mchoyo wa viazi, na watu wakacheka.

Mtani akainuka. Alishikilia mgongo wa benchi. Akamtaja mume wangu, jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti niliyodhani imeshakwisha, sauti ya mtu wa kuongoza ngoma mtaani. Kisha kwa Kiswahili, mbele ya Waskoti wale wote:

"Mpagazi mkubwa! Mzigo umeuacha njiani, nani atabeba? Amka, mvivu we!"

Umati ukaitikia kwa kishindo, bila kuelewa hata neno moja. Mama mmoja alimpigapiga begani.

Nilikasirika. Kumbe sauti ilikuwepo. Siku ile aliyoombwa, mbele ya mjane na mtoto wa marehemu, hakuwa nayo, na leo anaimwaga bure mbele ya watu waliomruhusu kwa sababu ni sikukuu yao. Alikuwa amesubiri ruhusa. Mume wangu amelala Woodbury chini ya jiwe, kilomita zote hizo, na utani wake unapewa mto.

Akakaa. Alikuwa anahema.

"Nilikuwa nalo hilo," alisema. "Miaka mitatu."



"Wale wazee wenzangu wamekwisha," aliendelea. "Waliobaki ni vijana, hawajui. Wanangu watamlipa mtu wa maua, waone imetosha." Akageuza shingo upande wangu, macho yakitafuta nilipo. "Nikifa utakuja? Kufanya kazi?"

Hotuba yangu yote ikaondoka. Lilibaki jibu moja tu.

"Nitakuja, shemeji," nilisema. "Nitavaa suti nyeusi. Nitasimama ukutani kule nyuma, na nitafumba mdomo."

Alianza kucheka, maana mtani akitukanwa hucheka, mwili unazoea. Kisha akasogeza uso karibu mpaka akauona wangu, na akaacha.

Tulirudi kabla jua halijazama. Tulipita Woodbury, karibu kabisa na makaburi, sikusimama na hakuniomba. Mpaka Brooklyn Park hakuna aliyemtukana mwenzake. Nilimshusha, nikamshika kiwiko mpaka mlangoni, akahangaika na funguo muda mrefu. Nilisubiri. Nakiri, nilikuwa namsubiri aniite mpagazi, aseme ninanuka jasho la mizigo, aseme chochote. Neno moja lingetosha, na ningemjibu, na tungeanzia hapo. Nilimtaka anitukane kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu mume wangu afe.

Mlango ukafunguka.

"Nashukuru kwa usafiri," alisema.

"Karibu," nilisema.

Akaingia, nikasikia anafunga kwa ndani.